Kulisha nyuki kabla ya masika: jibu kwa mfugaji wa Pangani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfugaji wa nyuki wilayani Pangani. Nina mizinga 14 ya viunzi (vile vijiti vya juu ambavyo nyuki huning'inizia masega) niliyoitundika kwenye mikorosho, mwendo wa robo saa kutoka mikoko ya mtoni. Mwaka jana mizinga tisa ilikuwa na nyuki kabla ya masika, lakini ilipofika Juni ilibaki mitatu tu. Ile mingine nilikuta masega makavu, hakuna asali, hakuna majana (watoto wa nyuki), wala hakuna nyuki waliokufa. Mwaka huu minane ina nyuki, na mwishoni mwa Februari nimerina masega yote yaliyokuwa na asali. Mjomba wangu aliyeko Uingereza ananieleza kwamba huko nyuki hulishwa mwishoni mwa majira ya baridi na mwanzoni mwa majira ya machipuko, yaani Februari na Machi: kwanza donge la sukari, kisha maji ya sukari ya kipimo sawa kwa sawa, pamoja na keki ya chavua. Amenitumia na pakiti mbili za keki hiyo. Je, nianze sasa? Nitumie sukari kiasi gani? Na asali yangu haitaharibika?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwa mwaka huu ninakushauri uwalishe, na usichelewe kupita wiki ya kwanza ya Aprili. Lakini elewa kwamba utawalisha kwa sababu umewaondolea akiba yao siku chache kabla ya mvua, na wala si kwa sababu Februari na Machi zimefika. Ushauri wa mjomba wako ni sahihi kabisa kwa mahali alipo. Ukiupokea Pangani bila kuuchambua, sehemu yake itakufaa, sehemu itakupotezea sukari bure, na sehemu moja, ile ya keki ya chavua, inaweza kukuharibia mizinga.

Tuanze na huko kwao, ili ujue kila chakula alichokutajia kina kazi gani. Nyuki wa Ulaya hawalali usingizi wakati wa baridi kama watu wengi wanavyodhani. Baridi inapoingia hujikusanya wakawa bumba moja, malkia akiwa katikati, na hutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka ili watoe joto, huku wakila asali waliyoiweka akiba wakati wa kiangazi. Maadamu hakuna majana, katikati ya bumba huhitaji joto la nyuzi 20 hivi tu, na chakula huliwa taratibu. Mambo hubadilika Januari na Februari, mchana unapoanza kurefuka: malkia huanza tena kutaga, na kwa kuwa majana hayakui vizuri bila joto la nyuzi 34 au 35, bumba hulazimika kula asali nyingi zaidi kila siku wakati nje bado hakuna maua ya maana. Ndiyo maana makundi mengi ya huko hufa kwa njaa mwezi Machi, wiki chache tu kabla ya maua, na si katikati ya baridi kali; akiba ya kilo 18 au 20 ambayo wafugaji wa Uingereza huihesabia kuwa inatosha huwa imekwisha. Donge la sukari hutumika kwa sababu nyuki waliojikunyata kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 hawashuki kunywa kitu cha majimaji. Maji ya sukari mepesi hufuata hewa inapopata joto, na kazi yake huzidi kushibisha: humfanya malkia atage kana kwamba mbochi, yaani maji matamu ya maua, umeanza kuingia, ili vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wawe wengi maua yatakapofunguka.

Sisi baridi hiyo hatuna. Hata Julai, usiku wa pwani ya Tanga hubaki karibu na nyuzi 20, na nyuki hawashindwi kuruka kwa ajili ya baridi. Kinachowafungia ndani nyuki wetu ni mvua, na kinachowaondoa kabisa ni ukosefu wa maua. Hapa kuna tofauti ya pili, iliyo kubwa kuliko hali ya hewa, nayo ni tabia ya nyuki wenyewe. Mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu aliyefanya kazi ya ufugaji nyuki Tanganyika, alimtenga nyuki wa pwani ya Afrika Mashariki na wenzake wa bara, akamwita kwa jina la kitaalamu Apis mellifera litorea. Nyuki huyu, kama ndugu zake wengi wa Afrika, akiishiwa hasubiri kufa juu ya masega kama afanyavyo nyuki wa Ulaya ambaye nje kuna theluji na hana pa kwenda. Yeye huhama. Malkia hupunguza kutaga, kisha huacha kabisa; majana yaliyomo husubiriwa yatoke; asali iliyobaki huliwa na nyingine kubebwa matumboni; na baada ya wiki tatu hivi kundi zima huondoka, likiacha masega makavu kama yale uliyoyakuta Juni. Kwa hiyo mizinga yako sita ya mwaka jana haikufa. Ilihama, na ilianza kujiandaa kuhama wewe ukiwa bado unaiona ina nyuki wengi mlangoni.

Jambo hili lina matokeo makubwa katika suala la kulisha. Kwa mfugaji wa Ulaya, kuchelewa wiki moja kunaweza kumgharimu nyuki, lakini akiwahi kundi likiwa bado hai, chakula huliokoa. Kwetu kuna siku ambayo chakula hakiokoi tena. Kundi likishaacha kutaga na kufunga safari, maji ya sukari utakayowapa huwa masurufu ya njiani. Nimewahi kuona mfugaji akijisifu kwamba nyuki wake wamemaliza lita mbili kwa usiku mmoja, na keshokutwa yake mzinga ukawa mtupu. Kinachotakiwa ni kuwalisha wakati mayai bado yapo ndani ya masega.

Sasa tuangalie mwaka wa nyuki wa huko kwenu. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma, jua ni kali, na mimea iliyopata mvua za vuli huwa bado ina kitu cha kutoa. Wakati huu, ambao ndio Februari ya mjomba wako, nyuki wa Pangani huhitaji maji ya kunywa kuliko wanavyohitaji sukari, kwa sababu huyatandaza ndani ya mzinga na kuyapepea ili masega yasilainike kwa joto. Beseni la maji safi lenye makumbi ya nazi yanayoelea, ili wapate pa kutua, likikaa kivulini karibu na manzuki yako, yaani mahali ilipo mizinga, litawafaa kuliko kilo kumi za sukari. Kisha huja masika, kuanzia Machi hadi Mei, na kwa ukanda wetu Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Mvua hii huwafungia nyuki ndani kwa siku kadhaa mfululizo, na hata wanapopata nafasi ya kutoka hukuta mbochi umezimuliwa na chavua imeoshwa. Baadaye kusi hushika, mvua hupungua, na kuanzia Juni au Julai mikorosho na miembe huanza kuchanua.

Njaa yako, kwa hiyo, iko Aprili, Mei na sehemu ya Juni. Ukiitazama vizuri utaona kwamba inafanana na Machi ya Uingereza kwa jambo moja: kundi linaingia humo likiwa na majana mengi ya kulisha, na maua yako mbele kidogo tu. Kinachobadilika ni mwezi na sababu.

Sikukatazi kutegemea minazi, maana mnazi mzima hupasua karara takribani kila mwezi na hauna msimu wa kufunga kazi. Wagema wa huko wanajua zaidi kuliko mimi jinsi nyuki wanavyowavamia: nyuki wakianza kufa maji kwa wingi ndani ya vibuyu vya tembo la mnazi, hiyo ni habari kwako kwamba mashambani hakuna kitu. Mikoko nayo husaidia, ingawa watu wa bara wakisikia mikoko hudhani kila mti wa hapo hutoa asali. Mchu ndio unaotembelewa sana kwa ajili ya mbochi, na mkoko wenyewe si wa kutegemewa. Ikiwa kuna shamba la mkonge jirani, angalia milingoti yake, kwa kuwa mkonge hutoa maua mara moja tu katika uhai wake lakini ukishatoa huwa na mbochi wa kutosha. Na wilaya yako ndiyo ilikopandwa mkonge wa kwanza wa nchi hii mwaka 1893, hivyo sitashangaa ukiupata hata vichakani. Nunua daftari, uandike tarehe unayoona ua la kwanza na la mwisho la kila mti ulio ndani ya kilomita mbili za mizinga. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakufaa kuliko kalenda yangu, kwa sababu mvua za Pangani na za Muheza hazilingani, sembuse za Pangani na Handeni.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, na naomba usiudhike. Ulirina masega yote mwishoni mwa Februari. Huo ndio msimu ambao kundi lilikuwa limemaliza kujiwekea akiba ya masika, nawe ukaichukua yote. Najua sababu: bei ya asali ni kubwa mara kadhaa kuliko bei ya sukari, na mjomba wako akikuambia kwamba huko huchukua asali na kurudisha sukari, hesabu inavutia. Wao wanaweza kufanya hivyo kwa sababu nyuki wao wamefungwa na baridi. Wa kwako wana mabawa na msitu.

Kabla ya kununua sukari, pima. Tafuta mizani ya ndoano, ile inayotumiwa na wauza samaki na wanunuzi wa korosho, uninginize upande mmoja wa mzinga na kuunyanyua kidogo tu, kisha zidisha kwa mbili. Ukiwa umepima na mzinga mtupu wa aina hiyohiyo, tofauti itakuambia kilichomo, yaani nyuki, nta, majana na chakula. Rudia kila wiki jioni. Mzinga unaopoteza uzito wiki mbili mfululizo unakula akiba, na huna haja ya kuufungua ili kujua. Nasisitiza hili kwa kuwa kufungua mizinga mara kwa mara ni sababu nyingine ya nyuki wetu kuhama, na mfugaji mwenye bidii nyingi huwafukuza mwenyewe. Fungua mara moja tu sasa, uangalie mambo matatu: kama kuna mayai na majana machanga yanayong'aa kwa unyevu, kama masega ya kandokando yana asali yoyote, na kama chini ya mzinga kuna majana yaliyotupwa au madume yanayosukumwa nje, maana kundi lenye njaa huanza kupunguza walaji.

Kuhusu chakula chenyewe, acha donge la sukari. Limetengenezwa kwa ajili ya hewa ya baridi; katika unyevu wa masika yetu huvuta maji, likalainika na kutiririka kwenye sakafu ya mzinga, na kesho yake utakuta sisimizi wamejipanga kutoka kwenye shina la mkorosho hadi ndani. Tumia shira, yaani maji ya sukari. Neno hili unalijua jikoni, lakini shira ya nyuki si shira ya kaimati, na hapa wengi hukosea kwa nia njema. Usiichemshe pamoja na sukari mpaka ishike, usitie limau, usitie iliki. Sukari inayoungua, na sukari inayochemshwa na tindikali ya limau, hutoa kemikali inayowadhuru nyuki matumboni, hata kama kwetu sisi inaleta harufu nzuri. Chemsha maji peke yake, yaepue, yaache yapoe kidogo, kisha mimina sukari na koroga hadi iyeyuke. Chagua sukari nyeupe kadiri unavyoweza kupata. Sukari guru na molasi usiziguse. Na asali ya dukani, hata ukipewa bure, usiwape, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kuoza majana ambavyo hukaa hai kwa miongo kadhaa.

Vipimo ni viwili, na hapa mjomba wako amekuambia nusu. Shira nzito ni kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji, na utapata kama lita mbili na robo. Hii huwekwa akiba na nyuki haraka, kwa kuwa haina maji mengi ya kukaushwa, jambo muhimu wakati hewa yenyewe imelowa. Shira nyepesi ni kilo 1 kwa lita 1, nayo ndiyo inayofanana na mbochi na kumchochea malkia. Ukianza na nyepesi mwezi Aprili, malkia atataga kwa wingi, baada ya wiki tatu utakuwa na walaji wapya maelfu kwa maelfu katikati ya mvua za Mei, na utalazimika kuongeza sukari au kuwapoteza wote. Kwa hiyo toa shira nzito kuanzia mwanzo wa Aprili hadi karibu mwisho wa Mei, nusu lita kwa kila mzinga mara mbili kwa wiki. Usiwape lita nzima kwa mpigo, kwani kwa joto letu shira huchachuka ndani ya siku chache. Ukikuta ya juzi haijanywewa, imwage mbali na manzuki, osha chombo, na utafute sababu: ama wana chakula kingine, na hilo ni jema, ama wameshaamua kuondoka.

Shira nyepesi ina wakati wake, nao hupatikana kwa hesabu ya kurudi nyuma. Yai la kibarua wa nyuki wetu huchukua siku 19 au 20 hadi kutoka nyuki kamili, pungufu kidogo ya siku 21 za nyuki wa Ulaya. Na nyuki huyo hukaa ndani wiki mbili au tatu nyingine akilisha majana na kujenga masega, kabla hajaanza kwenda mashambani. Jumla ni kama wiki sita. Ikiwa mikorosho yako huchanua sana katikati ya Julai, nyuki watakaovuna maua hayo ni lazima watagwe mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Hapo ndipo ubadilishe kutoka shira nzito kwenda nyepesi, kwa kiasi kidogo, robo lita kila baada ya siku mbili, hadi vikonyo vya kwanza vya mikorosho vifunguke. Maua yakianza, simamisha kabisa. Na usizidishe: kundi letu likishiba upesi katika mzinga mdogo hugawanyika, na utakuta nusu ya nyuki uliowalisha wamening'inia kwenye mwembe wa jirani.

Namna ya kuwapa ni jambo ambalo mimi mwenyewe nililijifunza kwa aibu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa na mizinga michache Muheza, niliona ni kazi kubwa kulisha mzinga mmoja mmoja, nikatandaza masinia ya shira katikati ya manzuki saa nne asubuhi. Ndani ya nusu saa nyuki walitoka pande zote, wa kwangu na wa msituni, wakamaliza masinia, kisha wakageukia mizinga dhaifu na kuipora. Mbuzi wawili wa jirani yangu walikufa siku hiyo, na nililipa. Tangu hapo hulisha ndani ya mzinga, baada ya magharibi, nikiwa nimevaa mavazi kamili na moshi ukiwa tayari, na mlango wa mzinga huupunguza hadi utoshe nyuki watatu au wanne tu kupita kwa pamoja.

Vitabu vya nje hupendekeza kopo lililotobolewa mfuniko na kupinduliwa. Linafaa kwenye mzinga uliosimama imara. Kwenye mzinga uliotundikwa kwa waya, upepo wa kusi unapoutikisa, kopo hupoteza mvuto wake wa ndani na kudondosha shira yote chini. Kwako nashauri chombo kipana chenye kina kifupi, mfano kitako cha dumu la lita tatu kilichokatwa, ukijaze vijiti vikavu ili nyuki wasizame, na ukiweke sakafuni nyuma ya sega la mwisho. Inua viunzi viwili vya mwisho tu unapoongeza, usiguse masega. Waya za kutundikia zipake grisi kabla ya kuanza, si baada ya kuona sisimizi. Siafu wakilipata kundi usiku huo, maelezo yangu yote hayatakuwa na kazi.

Kuhusu keki ya chavua, usiitumie. Katika mzinga wa Uingereza mwezi Machi ina maana, kwa sababu vibarua wanaolisha majana huhitaji protini ili vichwa vyao vitoe maziwa ya kuwalishia, na nje hakuna ua la kutoa chavua. Kwetu chavua hukosekana mara chache: minazi ipo, na mahindi yaliyopandwa Machi hutoa mbelewele kuanzia Mei, ambazo nyuki huzifuata mvua inapokatika asubuhi. Dalili ya kwamba chavua imekosekana kweli ni kuona nyuki wakikusanya vumbi la unga kwenye mashine ya kusaga. Lakini hata dalili hiyo ikionekana, kuna mdudu mmoja ambaye mjomba wako hamjui, au anamsikia tu: mbawakawa mdogo mweusi wa mizinga, ambaye asili yake ni hapa Afrika kusini mwa Sahara. Kundi lenye nguvu humbana pembeni asifanye kitu. Ukiweka keki yenye protini, unampa mahali laini pa kutaga, na ndani ya siku chache keki hujaa funza ambao huhamia kwenye masega na kuyageuza kuwa uozo unaonuka kama machungwa yaliyooza. Mdudu huyu alifika Marekani na kutambuliwa Florida mwaka 1998, na wafugaji wa huko wamekuwa wakihangaika naye tangu hapo. Zaidi ya hayo, keki iliyotengenezwa kwa chavua ya nyuki wa nje inaweza kubeba magonjwa ya majana. Zichome moto pakiti hizo, au uzifukie kwa kina. Usizitupe jalalani ambako nyuki watazifikia. Mjomba ana nia njema, mshukuru, na umwombe akutumie mavazi ya kinga badala yake.

Swali lako la mwisho ni la haki na limepuuzwa na wengi. Ndiyo, shira inaweza kuiharibu asali yako, si kwa ladha tu bali kwa sifa. Nyuki hawatofautishi, wanachokinywa na kukihifadhi mwezi Mei utakirina Agosti ukikiita asali. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinataka asali ya kawaida isizidi gramu 5 za sukrosi, yaani sukari ya kawaida ya mezani, katika gramu 100. Hata nyuki wakiibadilisha sukrosi hiyo matumboni mwao, maabara ina njia nyingine: kaboni ya miwa haifanani na kaboni ya maua mengi ya miti, na sukari ya miwa ikifikia asilimia 7 hivi hutambulika. Uingereza hutengeneza sukari nyingi kutokana na viazisukari, ambavyo kipimo hicho hakivioni, na huenda ndiyo sababu mjomba hakukutajia. Sukari ya viwanda vyetu vya Tanzania ni ya miwa. Kwa hiyo weka alama ya rangi kwenye viunzi vyote vilivyokuwa ndani ya mzinga wakati wa kulisha. Masega hayo ni ya nyuki, hayarinwi. Maua ya mikorosho yakianza, ongeza viunzi vitupu nyuma ya hayo, na urine humo tu.

Hesabu ya sukari ni hii. Lita moja ya shira nzito kwa wiki ina kama gramu 900 za sukari. Kwa mizinga minane na wiki nane utatumia karibu kilo 57, bila kuhesabu shira nyepesi ya Juni. Hiyo ni kama kilo saba kwa mzinga. Sega la mzinga wa viunzi likijaa asali hubeba kilo moja hadi moja na nusu, maana yake masega matano au sita uliyoyatoa kila mzinga Februari yangefanya kazi hiyohiyo, bila usiku wa kuvaa mavazi, bila kuporwa, bila sisimizi, na ndani yake mkiwa na chavua na madini ambavyo sukari haina. Mwakani ukirina kabla ya masika, acha masega sita yenye asali kwa kila kundi, yale yaliyo karibu zaidi na majana, na ubaki na sukari kidogo tu kwa ajili ya mzinga utakaokuwa umepungua uzito kuliko wenzake.

Kwa wiki hii, fungua mizinga minane jioni moja tulivu. Yenye mayai, iwekee vyombo na uanze shira nzito mvua ikitulia. Yenye nyuki wanaofunika chini ya masega matatu, punguza nafasi yake kwa ubao wa kugawia na mlango uwe mdogo kabisa, la sivyo utakuwa unawalishia wezi. Mzinga ambao huoni yai hata moja ndani yake, uache. Usiubembeleze kwa sukari. Mizinga sita iliyo mitupu sasa iondolee masega makuukuu yenye nondo, ichome ndani kwa moto wa makuti, ipake nta safi kwenye viunzi, na uitundike tena kabla ya Juni, kivulini, milango ikiupa mgongo upepo wa kusi.